Mwangaza wa Simu ya Bi Zena

Kabla hamjaendelea kusoma, nyie vijana, shusheni mwanga wa simu zenu. Najua mmeupandisha mpaka mwisho, kwa sababu kila simu ninayoletewa imepandishwa mpaka mwisho, na mwenye nayo amekunja uso kama anayekata vitunguu, halafu ananiuliza, "Mama fundi, siku hizi kichwa kinaniuma sana, sijui ni nini?" Mimi najua ni nini. Nimekuwa nikijua tangu enzi za TV zenye kisogo, na nimelisema mpaka koo limekauka. Wananiitikia, "Sawa mama," na wakifika kona ya kwanza wanaupandisha tena.

Mimi nimetengeneza TV hapa Tabora maisha yangu yote ya kazi. Nilianza dukani kwa Bwana Jivan pale mjini, baadaye nikafungua kibanda changu mtaa wa Ng'ambo, na nikakaa humo mpaka mikono ilipoanza kutetemeka na risasi ya kuchomelea ikawa inadondokea pasipotakiwa. Sasa nimestaafu, naishi Ipuli na kuku wangu. Lakini kustaafu kwangu ni kwa mdomo tu. Hawaniiti tena kuchomelea, wananiita nikawawekee picha vizuri, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayonichosha kuliko zote, maana hakuna anayeamini kwamba ni kazi. Wanadhani ni kubonyeza rimoti.

Naandika haya kwa sababu ya Bi Zena wa Ng'ambo, mshona kofia, ambaye nusura apofuke macho yote mawili huku sisi wengine tukibishana kuhusu mwanga wa simu yake. Nitafika kwake. Ila lazima kwanza niwaeleze kazi yenyewe, la sivyo hamtaelewa ugomvi wetu ulitoka wapi, na mtaniona bibi mgomvi tu. Mgomvi ni kweli, lakini nina sababu.

Bwana Jivan alikuwa Mhindi wa kuzaliwa hapa hapa, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Siku niliyokwenda kuomba kazi alinisimamisha mbele ya TV moja akaniuliza, "Binti, unaona nini hapo?"

Nikamwambia naona harusi.

"Harusi kila mtu anaiona," akasema. "Mimi nataka mtu anayeona nguo."

Ilikuwa kanda ya video ya harusi fulani ya hapa mjini. Wanaume walikuwa wamekaa mkekani na kanzu zao nyeupe, na akina mama wamejipanga ukutani na mabuibui yao meusi. Kila TV iliyotengenezwa mle dukani ilichezeshewa kanda ile kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Mpaka leo simjui bwana harusi ni nani, lakini shingo ya kanzu yake ningeweza kuichora.

Kazi ilikuwa hivi. Unaanza na mabuibui, na hapo unashika mwangaza. Unaushusha mpaka weusi uwe weusi kweli, halafu unaupandisha kidogo kidogo mpaka mikunjo ya nguo ianze kuonekana, unaacha hapo. Ukishusha mno, akina mama wote wanakuwa donge moja jeusi lenye nyuso juu yake. Ukipandisha mno, mabuibui yanakuwa ya kijivu, kama yamelowekwa kwenye dawa ya madoa. Ukimaliza unahamia kwenye kanzu, na hapo unashika kontrasti. Unaipandisha mpaka kanzu zing'ae, kisha unarudi nyuma taratibu mpaka uione tarizi ya shingoni, ile nakshi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ukiiona tarizi, weka vifaa chini, umemaliza.

Mwangaza ni wa weusi, kontrasti ni ya weupe. Ni maneno machache, mtoto wa darasa la pili anayashika. Nimeyasema Tabora nzima, na bado naingia kwenye nyumba za watu naikuta picha imechacha, wekundu unawaka kama nyanya, nyuso za watangazaji zina rangi ya chungwa, na mwenye nyumba ananiambia, "Tuliikuta hivi hivi dukani, mama, ndiyo inavyopendeza." Dukani waliiweka hivyo ili ing'are kuzishinda jirani zake ukutani! Nyumbani kwako inashindana na nani?

Halafu kuna suala la chumba. Bwana Jivan alikuwa hagusi TV nyumbani kwa mtu mpaka azunguke chumba chote, aangalie dirisha liko wapi na jua linaingilia wapi. Nilikuwa nikidhani anachungulia vitu vya watu. Kumbe alikuwa anatafuta adui. Ukiweka TV ikatazama dirisha, mchana utaona nguo zako ulizoanika, hutaona taarifa ya habari. Ukiiweka dirishani, macho yanagombana na mwanga wa nje mpaka yanachoka. Iweke ubavuni mwa dirisha, ushushe mwangaza jioni, uwashe taa ndogo nyuma yake ili isiwe peke yake kwenye giza. Haya ndiyo yote niliyonayo ya kuwarithisha, na hakuna anayeyataka.

Mmoja wa wasiotaka alikuwa mfugaji kutoka Igunga. Alinunua TV ya flati, akakaa nayo miezi, kisha akaileta mjini kwa basi, imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. "Wangaluka mayu," akanisalimu Kisukuma kwa adabu zote, yaani umeamkaje mama, akasema TV yake imeingia ukungu. Nikaifungua. Ile nailoni ya kiwandani, inayobandikwa kuzuia mikwaruzo njiani, bado ilikuwa juu ya kioo, imejaa vumbi na mapovu. Nikashika ncha ili niibandue. Mzee akanidaka mkono.

"Usiivue, mayu! Itazeeka!"

"Baba, ukungu ndio huu."

"Toa ukungu, uiache nailoni."

Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Alirudi Igunga na nailoni yake, na ukungu wake, na nina hakika huko aliwaambia watu kwamba fundi wa Tabora hajui kazi.

Mwingine alikuwa na kibanda umiza pale Ng'ambo, watu wakibanana kutazama mpira. Huyo alikuwa anapandisha kontrasti mpaka mwisho ili walioko nyuma nao waone. Basi ikichezwa mechi ya timu yenye jezi nyeupe, mpira ukifika miguuni mwao unapotea. Watu wanaona miguu inapiga hewa, mara goli limeingia, limeingiaje hakuna anayejua. Siku moja nusura wamvunjie mabenchi. Nikamwambia, "Shusha kontrasti." Akanijibu kwamba tatizo ni king'amuzi. Sikuwa na nguvu ya kuendelea.

Sasa Bi Zena.

Bi Zena amenizidi umri kidogo, namwamkia. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, akamwachia nyumba ndogo Ng'ambo na mtoto mmoja, Hamisi, ambaye sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Lakini watu hawakumjua Bi Zena kwa mume wala kwa mtoto, walimjua kwa kofia. Alishona kofia za mkono, zile zenye vishimo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na bwana harusi wa Tabora aliyejiheshimu alikuwa tayari kusogeza harusi mbele kuliko kuoa bila kofia ya Bi Zena. Macho yake yalikuwa ndiyo kazi yake, kama yalivyokuwa yangu.

Siku hiyo nilikuwa nalisha kuku, simu ikalia.

"Shikamoo mama fundi. Hamisi hapa, mtoto wa Bi Zena."

"Marahaba mwanangu. Dar hamjambo?"

"Hatujambo. Mama, simu ya bimkubwa imezingua. Kila nikimpigia video namwona giza tupu, kama naongea na kivuli. Naomba ukamwongezee mwanga."

Nikaenda. Nikamkuta Bi Zena amekaa kwenye kiti chake sebuleni, karibu kabisa na mlango, mgongo ameuelekeza nje. Mlango wazi, na jua lote la Tabora limejaa nyuma yake. Ukimtazama unaona umbo tu. Sasa kamera ya simu, maskini, ikiuona mwanga wote ule inajikunja, inapunguza kila kitu, na uso wa mtu unakuwa mweusi kama sufuria ya kuni. Simu haikuwa na ugonjwa wowote. Nilichukua ile simu nikakuta mwanga wa kioo umepandishwa mpaka mwisho, unachoma macho. Nikaushusha. Nikamgeuza Bi Zena na kiti chake, uso utazame mlango, nikampigia Hamisi ili tujaribu.

Mara Bi Zena akakumbuka maharage. "Yanaungua," akasema, akainuka akaenda jikoni, akaniachia simu. Hamisi akatokea kwenye kioo, akaona uso wangu mimi.

"Mama fundi! Nakuona safi kabisa! Umeipatia!"

Nilirudi Ipuli nimesifiwa kwa kugeuza kiti.

Haikupita muda, simu tena. Giza limerudi. Nikaenda, nikakuta kiti kimegeuzwa kama mwanzo na mwanga wa kioo uko juu kabisa. Nikashusha, nikageuza, nikaondoka. Giza likarudi. Nikaanza kumfundisha Hamisi kwa simu. "Mwanangu, nisikilize. Mwanga wa kioo cha mama ni wa yeye kukuona wewe. Wewe kumwona yeye ni kazi ya jua na kiti. Hata nikiwasha kioo chake kikawa kama taa ya treni, wewe huko Dar hutaona tofauti."

"Nimekuelewa mama. Lakini basi mwongezee tu kidogo."

Jamani! Nikakata simu nikaenda kukaa na kuku. Baada ya hapo akanunua simu mpya, yenye kamera ya maana, akampa mtu aliyekuwa anakuja kwa treni. Ikafika. Bi Zena akakaa nayo mlangoni, mgongo nje, na Hamisi akaona giza la simu ya bei kubwa.

Ikawa vita ya kiti. Mimi nageuza huku, yeye anageuza kule, watu wazima wawili. Siku moja uvumilivu ukanishinda. "Bi Zena, mtoto anataka kuuona uso wako. Hilo jua limekukosea nini?"

"Mwanga wa mlangoni unanichoma, mdogo wangu. Niache."

"Na hiki kioo mbona unakipandisha mpaka mwisho?"

"Ukikishusha sioni kitu. Kina giza."

Nikamwambia ni mbishi. Akaniambia mbishi ni mimi. Tukaachana hivyo.

Njiani ndipo maneno yake yaliponirudia, na nikasimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akanipigia kengele. Mteja akikuambia picha ni kali, unashusha. Akikuambia picha ina giza, unapandisha. Lakini mteja yule yule, saa ile ile, akilalamika kwamba mwanga unamchoma na pia kwamba haoni, huyo huna kitufe cha kumsaidia. Dukani kwa Bwana Jivan nilifundishwa kwamba malalamiko mawili yakipingana, uache kufungua TV. Kosa liko upande wa pili wa kioo. Na mimi nilikuwa nimehangaika na upande mmoja tu, kama mfugaji na nailoni yake.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda bila kuitwa, baada ya swala. Nilimkuta na kofia mkononi na TV imewashwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Afadhali umekuja, Mama Salma. Hii TV nayo imefifia, hebu iangalie."

Nikashika rimoti, nikajifanya narekebisha. Nikamuuliza, kama nilivyowauliza wateja maisha yangu yote, "Tarizi ya hiyo kanzu unaiona?"

Bi Zena akainama mbele, akakaza macho. "Naiona. Imetulia. Imezunguka shingo, ikashuka mpaka kifuani, na kishada chake pembeni. Huyo aliyeshona anajua."

Hakuna mtu angeielezea vizuri zaidi. Isipokuwa kwenye TV hapakuwa na kanzu. Palikuwa na kijana wa suti ya buluu na tai, anasoma bei za pamba.

Niliichukua kofia kutoka mkononi mwake na kuipeleka mlangoni kwenye mwanga. Vishimo vilikuwa vimepandana, vingine vimezungushiwa uzi mara mbili, vingine havijaguswa, na sindano ilikuwa imepita kwenye kitambaa ovyo kama kuku alivyoparua. Nikarudi, nikamshika kidevu, nikamgeuzia uso nje. Alifumba macho kwa ule ukali wa jua, nikamwambia fungua, akafungua. Mboni ya kushoto ilikuwa nyeupe yote, kama maziwa. Ya kulia ilikuwa imeanza.

"Dada," nikasema, "hili jicho lina muda gani?"

"Usimwambie Hamisi."

Nilitegemea aseme anaogopa kisu. Kisu hakukitaja kabisa. Alichonieleza ni habari za dada yake mkubwa, ambaye watoto wake walimchukua kwenda Dar kumtibu, wakamwambia ni siku chache tu. Akapona kidogo, hawakumrudisha. Wakamweka ghorofani, mlango unafungwa, jirani hamjui, akimpa mtu salamu anatazamwa kama kichaa. "Alikuwa ananipigia simu kuuliza kama mvua imenyesha Tabora," Bi Zena akasema. "Kila siku mvua. Nikawa namdanganya kiangazi, namwambia imenyesha, ili afurahi. Karudi kwenye jeneza. Mimi wakinitoa kwenye mlango huu, sirudi, najua. Hamisi ananipenda sana. Atanichukua siku hiyo hiyo akiliona."

Sasa nikaelewa kiti, na maharage pia, ambayo hayakuwa yanaungua. Mwanga ulimchoma kweli, lakini hata usingemchoma angekaa pale pale, kwa sababu alikuwa ameshagundua, bila kufundishwa na fundi yeyote, kwamba mtu akiupa mgongo mlango kamera inamficha.

"Na ukipofuka?" nikamuuliza. "Utabaki na nyumba ya kuipapasa kwa mikono?"

"Nitabaki nayo."

Nilikasirika, wanangu. Nilikasirika na yeye, na Hamisi, na wale watoto wa dada yake ambao siwajui, na machozi yakanitoka hapo hapo kwa hasira. Nilitaka kumtikisa. Mtu aliyezungusha uzi kwenye vishimo maelfu bila kukosea, alikuwa tayari kuacha macho yazime kwa kuogopa kupandishwa treni.

Na simu ikalia. Ijumaa, baada ya swala, Hamisi alikuwa hakosi kupiga.

Ningependa mngemwona alivyojiandaa. Alinyoosha mtandio, akahakikisha mgongo umeelekea mlangoni, akainua simu, akatabasamu. Tabasamu la kumpa mtu asiyeweza kuliona.

"Bimkubwa, shikamoo. Aa, bado giza! Mama fundi yupo hapo? Mama fundi, kwani hakuna njia kabisa?"

Njia ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti. Kukizungusha tu, na Hamisi angeliona jicho, na mabishano yangekwisha. Bi Zena akaweka mkono wake juu ya wangu, akaubana. Vidole vya mshona kofia vina nguvu, mjue hivyo.

Sikukizungusha. Nimewawekea watu picha miaka yote, nikawaamulia weusi wao na weupe wao, lakini ile haikuwa yangu kuiweka. Nikainama sikioni mwake nikamwambia, "Geuka mwenyewe. Na ukigeuka mwambie kwa mdomo wako kwamba Dar huendi. Macho yanatibiwa hapa hapa Tabora, hospitali ina daktari wake."

Nilidhani nimenong'ona. Mimi kunong'ona sijawahi kujua, nimefanya kazi kwenye kelele za redio. Na simu za siku hizi zinasikia kuliko zinavyoona.

"Macho?" Hamisi akauliza. "Macho gani, mama?"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wa maji, nikasikia magurudumu mpaka yakaisha. Bi Zena akauondoa mkono wake juu ya wangu. Akasimama, akashika kiti, akakiburuta yeye mwenyewe mpaka kikaelekea mlango, akakaa, akainua simu, akafumbua macho yote mawili kwenye jua huku machozi yanamtiririka kwa ukali wake.

Nilikuwa pembeni, nikaona uso mdogo wa Hamisi kwenye kioo umekuwa kama wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Umeniona?" Bi Zena akasema. "Basi sikiliza, usinikatishe. Sitoki kwenye nyumba yangu. Ukija, njoo na nguo zako. Usije na begi la kuwekea zangu."

Alikuja na nguo zake. Alishuka kwenye treni asubuhi, vumbi la njia yote kutoka stesheni ya Tura mpaka hapa liko kwenye kola ya shati, na moja kwa moja tukaenda hospitali, sisi watatu. Daktari wa macho alikuwa binti mpole, mwenye subira, na alimpima taratibu. Kisha akatuambia. Jicho la kushoto lilikuwa limechelewa. Mtoto wa jicho alikuwa ameachwa mpaka akavimba, presha ikapanda ndani ikaua mshipa, na hapo hakuna upasuaji unaorudisha. La kulia angelifanyia upasuaji, palepale Tabora, na alikuwa na matumaini, ila hakutaka kutudanganya kwamba hakuna hatari. Bi Zena alikuwa amebakiwa na jicho moja la kujaribia.

Mnaona kwa nini nawagombeza? Watu wote tulikuwa na mikono kwenye vitufe. Mtoto ananunua simu, mama anapandisha mwanga, mimi nashusha, na jicho linakufa katikati yetu. Bibi yako akiipandisha TV mwanga mpaka inawaka, usimcheke, wala usimpokonye rimoti. Keti mbele yake, mgeuze kwenye mwanga, mtazame machoni. Babu akisema taa zimefifia siku hizi, usikimbilie kubadilisha taa. Hayo hayamo kwenye menyu ya rimoti yoyote, na sina namna nyingine ya kuyasema.

Asubuhi ya kufunguliwa bandeji, Hamisi hakuweza hata kunywa chai. Alisimama ukutani amekunja mikono. Muuguzi akabandua plasta polepole, akalisafisha jicho kwa pamba, akamwambia Bi Zena afumbue taratibu asiogope. Akafumbua. Akapepesa. Akamtazama muuguzi, akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe pande zote mbili kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. Kisha akanitazama mimi.

"Mama Salma, hiyo khanga hujaitupa tu?"

Nikamwambia hata leo hutaki kunyamaza. Nilikuwa nalia, naye alikuwa anacheka.

Hamisi akasogea. Akapiga magoti mbele ya kitanda ili uso wake ulingane na wa mama yake. "Mama," akasema, "unaniona?"

Kila Ijumaa alikuwa akimuuliza hivyo kwenye simu, na kila Ijumaa mama alimjibu anamwona, amependeza. Safari hii Bi Zena alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha, akakaa anakitazama kwa muda mrefu.

"Hamisi," akasema. "Hizi mvi zimeanza lini?"

Hamisi akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, na Bi Zena akaanza kuzichambua kwa ncha ya kidole, unywele mmoja mmoja, bila haraka, akiziangalia.